Asilimia 41 ya nini hasa?

Nimetumiwa tena ile picha: Ujerumani, mwaka 2023, asilimia 41 ya washukiwa wa uhalifu si raia, na maandishi mekundu chini yake kwamba takwimu hazidanganyi, eti wahamiaji ndio wahalifu. Ni kweli, takwimu hazidanganyi. Aliyeibandika ndiye hakufungua ukurasa unaofuata.

Takwimu zile zinahesabu washukiwa, si waliohukumiwa. Hilo tulipite. Kinachonitoa povu ni kwamba ndani ya ile 41 yamo makosa ya sheria ya wageni: kuingia bila ruhusa, kuendelea kukaa kibali kikiwa kimekwisha. Mjerumani atayatendaje hayo? Hata ajitahidi vipi, hawezi kuishi kinyume cha sheria nchini kwake. Ndiyo maana polisi wenyewe huchapisha hesabu ya pili, iliyoondoa makosa hayo, na hapo asilimia inashuka hadi 34 na ushee. Ripoti ni ile ile, mwaka ni ule ule.

Halafu asili, yaani ile namba ya chini tunayogawanyia. Wageni ni kama asilimia 15 ya wakazi, basi mtu anagawanya 34 kwa 15 na kutangaza kwamba wanazidi mara mbili. Polepole jamani. Kwenye kiasi, ile namba ya juu, yumo mtalii aliyeiba dukani na yumo mwizi wa magari aliyevuka mpaka asubuhi akarudi kwao jioni. Kwenye asili hawamo, kwa sababu hawaishi pale. Na bado umri na jinsia: wanaojaza mahabusu kila nchi ni vijana wa kiume, na waliofika kuomba hifadhi mwaka 2015 na 2016 wengi wao walikuwa vijana wa kiume. Linganisha kijana na kijana, usimlinganishe na bibi wa miaka 70.

Nanyi mnaowatetea wahamiaji msianze kushangilia. Ukishasahihisha yote hayo, pengo la Ujerumani linapungua, ila kwa makosa ya kutumia nguvu halifutiki lote. Ni umaskini? Maisha ya makambini? Polisi kuwasimamisha zaidi watu wa sura fulani? Data za polisi peke yake haziwezi kuzitenganisha sababu hizo, na anayejidai kuzitenganisha kwa jedwali moja mwogope.

Wala “wahamiaji” si kundi moja. Kule Texas, mtu akikamatwa hali yake ya uhamiaji hukaguliwa, jambo ambalo ni nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wa data za 2012 hadi 2018, ulikuta wasio na vibali wanakamatwa kwa makosa makubwa kwa kiwango cha chini kuliko raia waliozaliwa Marekani. Hata hapo nina shaka yangu: asili ni makadirio, kwani sensa haimwulizi mtu kama ana kibali. Tena anayeogopa kufukuzwa haendi polisi akiibiwa, na mwizi wake huenda ni jirani yake asiye na kibali vilevile, kwa hiyo kosa hilo halifiki kwenye hesabu.

Ukitaka kujua kama kufukuza watu kunapunguza uhalifu, achana na asilimia za washukiwa, tazama sera yenyewe. Marekani ilisambaza mpango wa Secure Communities kaunti kwa kaunti kuanzia 2008, alama za vidole za kila aliyekamatwa zikipelekwa uhamiaji. Kwa mtafiti hiyo ni bahati, maana kaunti ziliingia kwa zamu. Waliolinganisha zilizotangulia na zilizochelewa hawakuona kiwango cha uhalifu kikishuka kwa namna inayopimika.