Je, dereva mmoja huendesha saa 24?

Wengi huamini kwamba katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, dereva mmoja hushika usukani usiku na mchana, na kwamba kila dereva analipwa. Imani ya kwanza haikuzuka hivihivi: zamani wapo waliojaribu peke yao. Siku hizi gari hupokezanwa, kwa kawaida na madereva watatu. Haruhusiwi mtu kuzidi saa 4 ndani ya saa 6, wala saa 14 kwa jumla.

Kuhusu malipo, soma orodha ya washiriki, hasa ya magari ya GT (magari ya mbio yanayotokana na magari ya barabarani): madereva hupangwa madaraja, kuanzia la juu, platinamu, hadi la chini, shaba. Wa shaba mara nyingi ni wafanyabiashara wanaojigharimia. Mtaalamu huajiriwa kushirikiana nao, na kuwanoa.