Milioni nne za mkatabani ni dari, si deni

Barua nyingi za madai tunazoletewa tuzikague huomba moja kwa moja kiasi kikubwa kuliko vyote kilichotajwa mkatabani. Mwandishi ameusoma ukomo wa fidia kana kwamba ni bei.

Tuseme mwenye mashine ya kusaga mahindi Dodoma ameagiza viroba 40,000 vyenye nembo yake, kimoja shilingi 1,000, jumla milioni 40. Kipengele cha ucheleweshaji kinasema fidia ni asilimia 0.5 ya bei ya mkataba kwa kila siku, isizidi asilimia 10. Mzigo ukachelewa siku 30. Kwa siku ni 200,000, kwa siku 30 ni milioni 6. Lakini ukomo ni milioni 4, na ulishafikiwa siku ya 20. Kuanzia siku ya 21 msambazaji anachelewa bure, ndiyo maana ni vizuri mkataba umpe mnunuzi haki ya kuusitisha ukomo ukifikiwa.

Je, milioni 4 ni zake? Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia inayofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa, hata kama hakuthibitisha hasara halisi. Watu hukariri hayo ya mwisho na kuliruka neno "isiyozidi". Mahakama inaweza kushuka chini ya milioni 4. Kwa hiyo piga hesabu ya hasara yako na utunze risiti za EFD (za mashine ya kielektroniki ya kodi).

Mwenye mashine alinunua viroba 10,000 kwingine kwa 1,300. Hasara yake hapo si milioni 13, kwa kuwa viroba anavyo. Ni zile 300 za ziada kwa kila kimoja, yaani milioni 3. Usafiri wa dharura ulikuwa 400,000. Mashine ilisimama siku mbili na mauzo ya 1,500,000 yakapotea. Hapa ndipo ninapobishana sana na wafanyabiashara: mauzo si hasara. Mahindi bado yako stoo, umeme haukutumika, vibarua wa kutwa hawakulipwa. Gharama hizo alizookoa ni 1,150,000. Kilichopotea ni faida ya 350,000. Jumla yote ni 3,750,000, chini ya ukomo.

Mpangilio wa hesabu nao una uzito. Nimeona mtu akianza na 4,900,000 pamoja na mauzo yote, anaikata hadi milioni 4 kwa sababu ya ukomo, halafu ndipo anatoa 1,150,000. Anabaki na 2,850,000, amejipunja 900,000 kwa mkono wake. Mkataba usiposema vinginevyo, toa kwanza ulichookoa, ukomo uje mwisho.

Mteja aliyehamia kwa mshindani kwa sababu ya siku hizo mbili ni habari nyingine. Kifungu cha 73 hakifidii hasara ya mbali, isipokuwa ile ambayo pande zote ziliijua wakati wa kuingia mkataba.

Halafu kuna hayo maneno "bei ya mkataba". Bila VAT ni milioni 40. Ukiongeza asilimia 18 inakuwa 47,200,000, na ukomo unapanda hadi 4,720,000. Kwenye mkataba wa hasara kubwa, hizo 720,000 ndizo mawakili wawili watakazoshindania, kwa sababu hakuna aliyeandika "bila VAT".