"Damu Chafu", Vimeng'enya na Pumu ya Ngozi: Yanayosemwa Dar na Yaliyo Kweli

Mwenye pumu ya ngozi au soriasisi hapa Dar es Salaam hakosi washauri. Jirani, abiria mwenzake kwenye mwendokasi, shangazi aliyekuja kusalimia kutoka Mbagala: wote watamwambia damu yake ni chafu. Siku hizi maneno hayo yamevalishwa koti jeupe. Anatumiwa ujumbe wa WhatsApp kwamba chembe nyekundu za damu yake zimepungukiwa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini, na chini ya ujumbe kuna bei ya kopo la vidonge. Kinachoudhi ni kwamba si uongo mtupu. Chanzo chake ni utafiti wa kweli, uliosomwa nusu.

"Ngozi inawasha kwa sababu vimeng'enya vya damu vimeshuka"

Ndani ya chembe nyekundu mna vimeng'enya vya ulinzi. Kimoja kinaitwa glutathioni peroksidasi, nacho hakifanyi kazi bila madini ya seleniamu. Kazi yake ni kuvunja peroksidi, kemikali kali zinazozalishwa na mwili wenyewe, kabla hazijaharibu utando wa chembe. Mwaka 1982 watafiti wa Sweden walichapisha vipimo vya kimeng'enya hiki kutoka kwa wagonjwa 506 wa ngozi na watu 61 wenye afya. Viwango vya chini vilionekana kwa wenye soriasisi, ukurutu, pumu ya ngozi na magonjwa mengine kadhaa, hata aina moja ya saratani inayoanzia kwenye ngozi.

Muuza vidonge huishia hapo. Taarifa hiyohiyo ilisema kwamba wagonjwa wa ugonjwa mmoja walitofautiana sana: huyu kiwango kiko chini, yule wa kitanda cha pili kiko sawa. Kipimo kinachoshuka kwenye magonjwa mengi yasiyofanana, tena si kwa kila mgonjwa, hakiwezi kumwambia mtu anaumwa nini. Wala hakionyeshi kilichotangulia, ugonjwa au upungufu.

"Basi nikimeza seleniamu nitapona"

Wale wa Sweden walijaribu. Wagonjwa 50 wenye viwango vya chini walipewa miligramu 0.2 za seleniamu pamoja na vitamini E. Kimeng'enya kilipanda polepole, kwa wiki 6 hadi 8, na watafiti wakatiwa moyo na hali ya ngozi. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na wao wenyewe walisema majaribio ya namna hiyo yafanyike. Yakafanyika. Mwaka 1989, Uingereza, watu wazima 60 wenye pumu ya ngozi waligawanywa: wengine walipewa seleniamu, wengine seleniamu na vitamini E, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 12. Seleniamu kwenye damu ilipanda. Ngozi haikupata nafuu kuwashinda waliomeza vidonge vitupu. Kwangu mimi hilo linatosha kumfanya mtu aweke pesa yake mfukoni.

Hata ahadi ya "wiki moja tu utaona tofauti kwenye vipimo" haina mguu wa kusimamia. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Inaishi takriban siku 120 na kile ilichozaliwa nacho. Ili kiwango kibadilike, lazima chembe mpya zichukue nafasi ya kuukuu.

Na seleniamu ikizidi ina kisasi chake: nywele kukatika, kucha kuvunjika, pumzi kunuka kitunguu saumu, na (hapa mtu atacheka au alie) vipele vya ngozi.

"Juisi ya choya na bitiruti inasafisha damu"

Damu inasafishwa na ini na figo. Juisi inywe kwa sababu ni tamu.

"Nimepima FBP, damu haina tatizo"

Hapa ndipo suala la vimeng'enya linapokuwa la hatari, na ndipo lisipozungumzwa. FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, huhesabu chembe, hupima ukubwa wake na wingi wa damu. Haipimi vimeng'enya. Mtu anaweza kuwa na FBP safi kabisa huku akiwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachoziwezesha chembe nyekundu kustahimili kemikali kali. Upungufu huu ni wa kurithi, na si jambo la ajabu katika ukanda wetu wa malaria, kwa kuwa huwapa wenye nao kinga kiasi dhidi ya malaria kali.

Upungufu wa G6PD hausababishi pumu ya ngozi. Unachofanya ni kubadili dawa gani ni salama. Dapsoni, inayotumika kutibu ukoma na baadhi ya magonjwa ya malengelenge, inaweza kupasua chembe nyekundu za mtu huyo: mkojo unakuwa mweusi kama strungi, macho yanageuka manjano, kupanda ngazi moja tu moyo unakwenda mbio. Akiona hayo aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki.

Wengi huchanganya jambo hili na mzio wa salfa, kwa sababu wanakumbuka enzi za SP, dawa ya malaria yenye salfa, watu walipobabuka ngozi na midomo. Ule ni mzio: kinga ya mwili inashambulia ngozi. Huu ni upungufu ndani ya chembe. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine, kwa hiyo kumwambia daktari "salfa hainidhuru" hakujibu swali la G6PD.

Halafu kuna baba anayelaumiwa bure mwanawe wa kiume akikutwa na upungufu huu. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume huipata X yake kwa mama.

"Nilipimwa G6PD nilipoumwa, ikawa sawa"

Ulipimwa lini? Dawa inapopasua chembe, kuukuu hutangulia, maana ndizo zenye kimeng'enya kidogo zaidi. Zinazobaki ni changa, zenye kingi. Ukipima wiki hiyo jibu linaweza kutoka zuri na likudanganye. Hurudiwa baadaye, kama miezi 3 hivi.

"Dawa kali ni ileile, dozi ni ileile"

Kwa pumu ya ngozi iliyoshindikana, daktari bingwa anaweza kuandika azathioprini, dawa ya kupunguza makali ya kinga ya mwili. Dawa hii inavunjwa na kimeng'enya kingine, TPMT, ambacho nacho hupimwa kutoka kwenye chembe nyekundu. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 300 hana kabisa nguvu ya kimeng'enya hicho, na kama asilimia 11 wana nguvu ya wastani. Asiye nacho akipewa dozi ya kawaida, uboho wake unaweza kuacha kutengeneza damu. Pale kipimo kisipopatikana, daktari huanza na dozi ndogo na kuagiza FBP mara kwa mara, hasa wiki za mwanzo. Anayeruka vipimo hivyo kwa sababu "najisikia vizuri" anacheza na uboho. Na aliyeongezewa damu hivi karibuni aseme kabla hajatolewa sampuli, kwa sababu maabara itapima pia chembe za aliyemchangia.