Je, Wajua Kwa Nini Mbwa Mmoja Hulala Miguuni pa Abiria Ndani ya Ndege, na Mwingine Hupakiwa Pamoja na Mizigo?

Mbwa wawili wa aina ya Labrador wanaweza kufikishwa uwanjani asubuhi moja kwa ajili ya ndege ileile, kisha wakaishia mahali tofauti kabisa. Mmoja ataingia mlangoni pamoja na abiria wake na kujilaza miguuni pake bila kulipiwa hata senti moja, ilhali wa pili atafungiwa kizimbani, atapimwa uzito, atalipiwa, na kupelekwa katika sehemu ya mizigo chini ya sakafu. Huenda huyo wa pili ndiye mpole zaidi, tena ndiye anayependwa zaidi nyumbani kwao. Hayo yote hayahesabiki, kwa sababu sheria za usafiri wa anga huuliza jambo jingine kwanza: je, mnyama huyu ni mali ambayo abiria ameamua kusafiri nayo, au ni sehemu ya uwezo wa abiria huyo kusafiri? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua nauli, mahali pa kukaa na hati zitakazodaiwa.

Wanyama wengi wanaopanda ndege wamo katika kundi la kwanza. Shirika linaloruhusu wanyama wa kufugwa ndani ya kabini kwa kawaida huwapokea mbwa na paka wadogo tu, na mashirika kadhaa ya Ulaya yameweka kikomo cha kilo 8, uzito wa mkoba ukiwa umo humo. Nchini Marekani mwenye mnyama aghalabu hulipa takriban dola 100 au zaidi kwa safari ya upande mmoja, na mara nyingi mkoba wa mnyama huhesabiwa kuwa ndio mzigo wake wa mkononi. Masharti ni kwamba mnyama aweze kusimama na kujigeuza ndani ya mkoba, na mkoba wenyewe ukae chini ya kiti cha mbele tangu milango inapofungwa hadi inapofunguliwa.

Wengi hudhani kwamba sharti hilo linatokana na usafi, au na hofu ya kuwaudhi majirani. Sababu yake kubwa ni usalama. Chini ya viti vya ndege, upande wa mbele, huwa kuna upau wa chuma ambao abiria wachache huutambua. Kanuni za Marekani zinadai kwamba kila kiti kinachowekewa mizigo chini yake kiwe na kizuizi cha kuuzuia mzigo huo usiserereke kwenda mbele ndege inapopata mshtuko wa ghafla. Paka wa kilo 5 aliyeachwa mapajani hana kizuizi chochote. Ndege ikiporomoka ghafla katika hewa yenye msukosuko, mikono ya binadamu haiwezi kumshikilia, naye hurushwa kuelekea darini na kumwangukia yeyote aliye karibu. Kwa hiyo mhudumu anayemwomba abiria amrudishe paka mkobani hafanyi hivyo kwa ukali wa roho.

Kuna pia suala la kutoka kwa dharura. Kabla ya ndege yenye viti zaidi ya 44 kuidhinishwa, mtengenezaji hutakiwa kuthibitisha kwamba watu wote waliomo wanaweza kutoka katika muda wa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Ukiufikiria muda huo, utaelewa ni kwa nini hakuna mnyama wa namna yoyote, hata awe amefunzwa vipi, anayeruhusiwa kukaa katika safu ya mlango wa dharura, na ni kwa nini mkoba wa mnyama haukubaliwi katika safu isiyo na kiti mbele yake. Kamba iliyotanda njiani au mkoba uliosukumwa nje ya nafasi yake unaweza kumwangusha mtu mmoja, na nyuma yake wakazuiwa makumi.

Hata hivyo, juhudi ya kuweka njia wazi ikifuatwa bila kufikiri huleta balaa. Mnamo Machi 2018, katika ndege ya shirika la United iliyokuwa ikitoka Houston kwenda New York, mhudumu alimwagiza abiria auweke mkoba wa mbwa wake katika kabati la juu ya viti kwa kuwa ulikuwa umejitokeza njiani. Ndani ya mkoba huo mlikuwa na mtoto wa mbwa wa aina ya buldogi wa Kifaransa, naye alikuwa amekufa ndege ilipotua. Shirika lilikiri kuwajibika, na baadaye likatangaza kwamba mikoba yenye wanyama itafungwa vitambulisho vya rangi kali. Kabati la juu limetengenezwa kwa ajili ya masanduku na makoti, na halina mfumo wa kumpa kiumbe hai hewa.

Kundi la pili, la wanyama wanaomsaidia abiria mwenye ulemavu, lina historia ya takriban karne moja. Shule ya kufunza mbwa wa kuwaongoza wasioona ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Huko Marekani shule ya The Seeing Eye ilianzishwa mwaka 1929 na watu waliomjumuisha Morris Frank, kijana asiyeona aliyekuwa amempata mbwa wake, Buddy, nchini Uswisi. Tangu hapo wasioona walidai jambo moja kwa uvumilivu mkubwa, nalo ni kwamba mbwa anayekuongoza barabarani hawezi kutenganishwa nawe pindi unapopanda chombo cha usafiri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 ilipiga marufuku mashirika ya ndege kuwabagua watu wenye ulemavu, na kanuni zilizotokana nayo zikampa mbwa huyo nafasi ndani ya kabini bila malipo. Umoja wa Ulaya nao, katika Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, uliyataka mashirika yawasafirishe ndani ya kabini mbwa wa usaidizi wanaotambuliwa rasmi. Msingi wa hoja ni uleule unaofanya kiti cha magurudumu kisitozwe ada ya mzigo.

Leo mbwa wa namna hiyo hafanyi kazi ya kuwaongoza wasioona peke yake. Wapo wanaomgusa kiziwi kengele inapolia, wanaotambua kushuka kwa sukari kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari kabla yeye mwenyewe hajahisi, wanaookota dawa iliyoanguka, na wanaomwamsha mwanajeshi wa zamani anapotaabishwa na jinamizi. Ndani ya ndege mbwa huyo hukaa katika nafasi ya miguu ya mwenyewe, akiwa amefungwa kamba au mshipi wa kifuani, wala haruhusiwi kuingia katika nafasi ya jirani au kuziba njia. Watu huuliza mara kwa mara hujisaidia wapi. Kwa kawaida amefunzwa kujizuia na kujisaidia kwa amri, na mwenye mbwa hupanga chakula na maji yake mapema. Katika safari za saa 8 au zaidi, shirika la ndege la Marekani linaweza kudai tamko la maandishi kwamba mbwa hatajisaidia ndani ya ndege, au kwamba anaweza kufanya hivyo bila kuleta uchafu. Tangu mwaka 2016 viwanja vya nchi hiyo vinavyopandisha abiria 10,000 au zaidi kwa mwaka vinatakiwa kuwa na sehemu ya wanyama hao kujisaidia katika kila jengo la abiria.

Ugomvi ulizuka katikati ya makundi haya mawili. Kwa miaka mingi Marekani ilitambua pia mnyama wa faraja, yaani mnyama asiyefunzwa kazi yoyote, ambaye kuwapo kwake tu humtuliza mtu mwenye maradhi ya akili au hofu kali. Abiria alitakiwa kuonyesha barua ya mtaalamu wa afya ya akili, na kwa barua hiyo mnyama alipanda bure. Bila barua angelipiwa. Haikuchukua muda barua zikaanza kuuzwa mtandaoni kwa watu ambao hawakuwahi kumwona mtaalamu ana kwa ana, na wanyama wenyewe wakawa wa kila aina. Mwaka 2014 abiria mmoja aliondolewa katika ndege huko Connecticut pamoja na nguruwe wake, na Januari 2018 tausi alikataliwa kupanda ndege katika uwanja wa Newark, mkia wake mrefu ukiwa kivutio cha wapiga picha. Vituko hivyo vilichekesha, lakini takwimu hazikuchekesha. Mwaka huohuo wa 2018 shirika la Delta lilieleza kwamba lilikuwa likisafirisha wanyama wa huduma na wa faraja wapatao 700 kwa siku, na kwamba taarifa za matukio yaliyosababishwa na wanyama, kuanzia haja hadi kung'ata watu, zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 84 tangu mwaka 2016.

Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa kanuni mpya Desemba 2020, zikaanza kutumika tarehe 11 Januari 2021. Sasa mnyama wa huduma ni mbwa tu, wa aina yoyote, aliyefunzwa mahususi kufanya kazi kwa manufaa ya mtu mwenye ulemavu, ukiwemo ulemavu wa akili. Shirika linaweza kudai fomu zijazwe hadi saa 48 kabla ya safari, na linaweza kumwekea abiria kikomo cha mbwa wawili. Mnyama wa faraja si lazima tena ahesabiwe kuwa mnyama wa huduma, na mashirika mengi yalimrudisha mara moja katika kundi la wanyama wanaolipiwa. Ni muhimu kuzingatia mpaka ulipowekwa. Mbwa aliyefunzwa kukatiza shambulio la hofu la mgonjwa bado anatambuliwa, lakini paka anayemliwaza mgonjwa huyohuyo kwa kulala kifuani pake hatambuliwi. Kilichopimwa ni mafunzo ya mnyama, wala si uzito wa ugonjwa.

Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa mkali lakini wa haki, ingawa uliwagusa pia wagonjwa waaminifu ambao hawakumdanganya mtu. Walioumia zaidi katika zama za barua hawakuwa mashirika ya ndege, yaliyopoteza ada tu, bali watu wanaowategemea mbwa wao kweli. Mbwa kiongozi akishambuliwa na mbwa asiyefunzwa anaweza kupata woga utakaomfanya asifae tena kwa kazi, na mafunzo ya muda mrefu yakawa yamepotea katika nusu dakika.

Wanyama wengine wana nafasi kwa sababu ya utamaduni wa mahali. Qatar Airways huruhusu kozi, ndege mwindaji anayefanana na mwewe, asafiri katika daraja la kawaida, ila wasizidi sita kwa safari, maana uwindaji kwa kutumia kozi ni mchezo wa heshima katika nchi za Ghuba. Kwingineko idadi ya wanyama kwa kila kabini nayo hupunguzwa, kwa sababu wanyama waliokaribiana huchokozana na kwa sababu ya abiria wenye mzio. Vichujio vya hewa vya ndege za kisasa hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3, lakini protini ya paka inayosababisha mzio hushikamana pia na nguo na vitambaa vya viti, mahali ambapo kichujio hakifiki.

Vipi basi kuhusu yule Labrador wa pili? Watu humwonea huruma wakiamini kwamba huko chini kuna baridi kali na hewa haba. Kwa kweli sehemu ya mizigo ina mgandamizo wa hewa sawa na wa kabini, yaani kama wa mtu aliye juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na pale wanapowekwa wanyama huwa na joto la kutosha. Hatari kubwa zaidi huwa ardhini, kizimba kinapoachwa juani au katika baridi kikisubiri kupakiwa, na huwakabili hasa mbwa wenye pua bapa, ambao njia zao za hewa ni finyu na hushindwa kujipoza kwa kuhema. Mwaka 2010 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilieleza kwamba, kati ya mbwa 122 waliokufa katika safari za ndege tangu Mei 2005, karibu nusu walikuwa wa aina hizo. Ndiyo maana mashirika mengi hayawapokei kabisa katika sehemu ya mizigo. Madaktari wa mifugo pia huonya dhidi ya kumpa mnyama dawa ya usingizi kabla ya safari, kwani hudhoofisha upumuaji, mapigo ya moyo na uwezo wa mwili kudhibiti joto lake, tena mahali ambapo hakuna anayemwangalia.

Mwisho, ruhusa ya shirika la ndege si ruhusa ya nchi. Kichaa cha mbwa ndicho kinachoogopwa zaidi mipakani, na kwa ajili yake hudaiwa chanjo, chipu chini ya ngozi, na kwa wanyama wanaotoka nchi fulani hata kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba chanjo imefanya kazi. Tangu Agosti 2024 Marekani haipokei mbwa aliye chini ya umri wa miezi 6. Australia haina mzaha: mwaka 2015 waigizaji Johnny Depp na Amber Heard waliingiza mbwa wao wawili kwa ndege binafsi bila kuwatangaza, na waziri wa kilimo akatishia kwamba wasipoondolewa wangeuawa. Uingereza nayo huwataka wanyama wa kufugwa wanaoingia kwa ndege wasafirishwe kama shehena, hata wawe wadogo kiasi gani, kiasi kwamba baadhi ya wenye mbwa hutua Paris au Amsterdam na kumalizia safari kwa gari kupitia njia ya chini ya bahari au kwa kivuko. Anayeweza kutua London akiwa ndani ya kabini ni mbwa wa usaidizi, katika njia zilizoidhinishwa, naye pia chipu yake itasomwa na cheti cha chanjo kukaguliwa kabla hajaruhusiwa kuingia.