Ugumu wa ateri, na jinsi Eko ya moyo inavyouona

Mama mmoja wa Kibosho, umri wake kama miaka 70, alishuka kliniki ya presha Moshi mjini. Kwenye kadi yake iliandikwa 168 kwa 70. Akauliza: "Mwanangu, hii ya chini si iko sawa? Basi nusu ya ugonjwa umeisha." Swali hilo huulizwa sana. Kwa bahati mbaya jibu ni hapana, na sababu yake ni ugumu wa ateri.

Ateri ni mishipa inayotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini. Iliyo kubwa kuliko zote ni aota. Wengi huidhani ni bomba tu, kumbe aota yenye afya inafanya kazi ya ndiva, yale mabwawa ya Wapare yanayokinga maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi. Moyo ukibana, aota hutanuka na kuweka akiba ya damu. Moyo ukilegea, kuta zake hujirudi na kuisukuma akiba hiyo mbele, damu isikatike. Namba ya juu ya presha ni ya wakati moyo unabana. Ya chini ni ya wakati aota imeshika zamu.

Kinachoiwezesha kutanuka na kujirudi ni elastini, nyuzi za ukutani zinazovutika kama mpira. Umri huzichakaza, na miaka ya presha, kisukari na sigara huharakisha. Zikikatika, nyuzi nyingine za ukutani zilizo ngumu, kolajeni, ndizo hubeba mzigo. Sasa damu inagonga ukuta usiokubali, ya juu inapaa. Na kwa kuwa akiba ni kidogo, ya chini inashuka. Kwa hiyo ile 70 ya mama haikuwa nafuu. Tofauti ya 168 na 70 ni 98, na kwa mzee, tofauti kuanzia 60 tayari ni dalili ya mishipa iliyokakamaa. Linaloniuma zaidi ni hili: misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake pale moyo unapolegea. Ya chini ikishuka mno, moyo uliozidishiwa kazi ndio unaopunguziwa chakula.

Ugumu huu unaweza kuonekana kwa Eko, kipimo cha picha ya moyo kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Mgonjwa hulalia ubavu wa kushoto, kifua kinapakwa jeli ya baridi, kifaa kinawekwa katikati ya mbavu. Kwenye skrini, kuta za aota huonekana kama mistari miwili inayong'aa, ikipanda na kushuka kwa kila pigo. Sentimita 3 hivi juu ya vali, yaani mlango wa kutokea moyoni kuingia aota, mpimaji anapima upana wa aota ikiwa imetanuka, kisha ikiwa imesinyaa. Presha inapimwa mkononi papo hapo.

Tuchukue mfano wa kijana mwenye 120 kwa 75, ambaye aota yake inatoka milimita 28 hadi 31. Imetanuka karibu asilimia 11. Ya mzee mwenye 168 kwa 70 inatoka 34 hadi 35 tu, asilimia 3. Ukigawa 120 kwa 75, ukatafuta logi asilia ya jibu (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), kisha ukaigawa kwa 0.107 ya kutanuka, yaani milimita 3 zilizoongezeka kugawa kwa 28, unapata kama 4.4. Kwa mzee, hesabu ileile inatoa karibu 30. Namba hiyo ndiyo kipimo cha ugumu.

Njia nyingine ni kupima kasi ya wimbi la mapigo kati ya shingo na kinena. Kadiri mshipa ulivyo mgumu, wimbi hukimbia zaidi, na kupita mita 10 kwa sekunde ni ishara mbaya.

Lakini tazama tena ile milimita moja ya mzee. Mpimaji akikosea nusu milimita tu, jibu linabadilika kabisa. Ndiyo maana hupimwa mapigo kadhaa, na daktari huangalia pia kama ukuta wa kushoto wa moyo umenenepa.

Elastini iliyokatika haioti upya kirahisi. Hata hivyo presha ikishushwa kwa dawa na chumvi ikipunguzwa, aota hupumua. Mama aliposikia chumvi, akauliza kuhusu magadi anayoweka kwenye kiburu, chakula cha ndizi na maharage. Ndiyo, mama, magadi nayo ni sodiamu, hata kama ulimi hauonji chumvi.