Heat: stelingi ni nani, na mengine tunayobishania

Mara ya kwanza kuiona Heat sikuiona yote. Ilikuwa kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, joto la kukata na shoka, na mwenye kibanda alikuwa na mkono mwepesi kwenye rimoti. Kila mke alipoanza kuzungumza na mumewe, tepu inakimbizwa mbele. Tulipofika kwenye tukio la benki watu wakasimama. Risasi zilipokoma, nusu ya kibanda ikatoka nje kupunga upepo kwa kuwa eti muvi imekwisha. Kumbe ilibaki karibu saa nzima.

Filamu hii ya Michael Mann ilitoka Desemba 1995 na ina dakika 170. Tangu siku ile nimeirudia mara nyingi mno, na kila nikisikia vijana wakiijadili nawajua mara moja walioitazama kwa rimoti ya mtindo ule. Anayesema imemchosha simpingi, hayo ni maoni yake. Lakini yapo mengine yanayosemwa kwa kujiamini kabisa, na si kweli.

“Pacino na De Niro hawakukutana, ni ujanja wa kamera”

Ubishi huu ni mkongwe kuliko baadhi ya wanaoubisha. Hoja yao si ya kijinga. Katika lile tukio la mgahawani, Al Pacino akiwa mpelelezi Vincent Hanna na Robert De Niro akiwa jambazi Neil McCauley, huoni nyuso zao mbili kwa pamoja. Unaona uso wa mmoja na bega la mwenzake. Basi, wanasema, kila mmoja alipigwa picha siku yake, na bega ni la mtu wa kukodi.

Walikaa meza moja. Mgahawa uliitwa Kate Mantilini, ulikuwa Wilshire Boulevard, Beverly Hills, kabla haujafungwa mwaka 2014. Mann aliwasha kamera mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikichungulia juu ya bega la mmoja kumtazama mwenzake, ili huyu akikunja uso, jibu la yule lishikwe papo hapo. Hawakulifanyia mazoezi kabla. Walirudia mara kadhaa, na sehemu kubwa ya tunachokiona ni mara ya 11. Picha za ubavuni, zinazowaonyesha wote wawili, zilipigwa pia, ila Mann alipokuwa akihariri aliona kila akizitumia tukio linapoa. Akaziacha. Ladha ya tukio ikapatikana, na uvumi ukazaliwa hapo hapo.

Uvumi ulipata pa kushika kwa sababu ya historia. Wote wawili walikuwemo katika The Godfather Part II ya mwaka 1974 bila kukutana hata mara moja, maana De Niro aliigiza ujana wa baba na Pacino akaigiza mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Watu walisubiri miaka 21 kuwaona uso kwa uso, kisha wakapewa mabega. Naielewa hasira yao. Ila anayetaka kuwaona pamoja aende dakika za mwisho, kwenye uwanja wa ndege. Ndizo dakika ambazo wenzangu walikuwa nje wakipunga upepo.

“Ni hadithi ya kutunga ya Los Angeles”

Neil McCauley aliwahi kuishi, na jina ni lake hasa. Alikuwa mwizi wa Chicago aliyewahi kufungwa Alcatraz. Mpelelezi aliyekuwa akimfuatilia, Chuck Adamson, alikutana naye mwaka 1963 na badala ya kumkamata wakaenda kunywa kahawa. Mwaka uliofuata McCauley na wenzake walivamia duka la vyakula bila kujua polisi wanawasubiri nje, na Adamson ndiye aliyemuua. Adamson baadaye akawa rafiki wa Mann na akamsimulia yote. Kwa hiyo tukio ambalo watazamaji wengi huliona halina mantiki (“polisi gani anamnunulia jambazi kahawa?”) ndilo lililotokea kweli. Benki, barabara kubwa za Los Angeles na taa za uwanja wa ndege ndizo zilizoongezwa.

Na haikuwa mara ya kwanza Mann kuisimulia. Mwaka 1989 aliitengeneza kwa ajili ya televisheni kwa jina la L.A. Takedown, ya haraka haraka na ya bei rahisi. Ukibahatika kuipata, itazame. Maneno ya kahawa mengi ni yale yale, na utashangaa jinsi yanavyopwaya yakisemwa na watu wengine.

“Filamu ndiyo iliyowafundisha majambazi wa kweli”

Tarehe 28 Februari 1997, wanaume wawili waliovaa mavazi ya kuzuia risasi na kubeba bunduki za rashasha walivamia tawi la Bank of America huko North Hollywood. Walipambana na polisi mtaani kwa dakika zipatazo 44. Zilirushwa risasi karibu 2,000 kwa pande zote, askari na raia wengi wakajeruhiwa, na waliokufa ni majambazi wenyewe wawili. Ilionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, na kila aliyekuwa ameiona Heat alisema neno lile lile.

Lakini tuhesabu miaka. Mwaka 1993 watu hao hao walisimamishwa na polisi huko Glendale wakiwa na bunduki, maelfu ya risasi na mavazi ya kujikinga ndani ya gari. Juni 1995 walishambulia gari la kusafirisha fedha na kumuua mlinzi. Heat iliingia kwenye majumba ya sinema Desemba 1995. Huwezi kufundishwa na mwalimu ambaye hajafika shuleni. Kama waliitazama baadaye na kuipenda, hilo ni jambo jingine.

Kinachofanya watu waamini ni ile sauti. Katika filamu nyingi milio ya bunduki hubandikwa baadaye studio. Hapa Mann alitumia milio iliyonaswa pale pale mtaani, baruti tupu zikilipuka katikati ya maghorofa na mwangwi ukigonga vioo na kurudi. Waigizaji nao walikuwa wamefunzwa matumizi ya silaha, na miongoni mwa washauri alikuwemo Andy McNab, mwanajeshi wa zamani wa kikosi maalumu cha SAS cha Uingereza. Ukimtazama Val Kilmer akibadilisha magazini unasahau kuwa ni mwigizaji.

Tukiwa kwenye benki, McCauley anapanda juu ya kaunta na kuwatuliza wateja kwamba hela zao zina bima ya serikali, kwa hiyo hakuna atakayepoteza. Nimewasikia watu wazima wakiyarudia maneno hayo kama kifungu cha sheria. Bima ile ya Marekani, FDIC, humlinda mwenye akaunti benki inapofilisika. Haihusiki na ujambazi. Wakati ule kikomo chake kilikuwa dola 100,000 kwa mtu katika benki moja, na sasa ni 250,000. Benki ikivamiwa, hasara ni ya benki na kampuni iliyoikatia bima ya wizi, na mteja bado anaidai benki pesa yake kama kawaida. Kwetu ni vivyo hivyo. Zile shilingi 500,000 za bima ya amana nchini Kenya ni za siku benki ikianguka, wala si za siku ikivamiwa. McCauley alisema nusu kweli, na kwa mtu aliyeshika bunduki nusu inatosha.

Wala ujambazi wa benki Los Angeles haukuwa wa namna ile kwa kawaida. Mwaka 1992 jiji hilo na wilaya jirani zilirekodi matukio 2,641, na mengi yalikuwa ya mtu mmoja anayemsukumia karani kikaratasi na kutoka na alichopewa. Kupiga tukio la dola milioni 12.2 kwa suti nzuri ni mambo ya sinema.

“Trejo ndiye aliyewachoma”

Hapana. Mwenye kibanda alikimbiza hapo. Trejo, dereva wa genge la McCauley, aliteswa nyumbani kwake mpaka akautoa mchongo wa benki, na mkewe akauawa. Walioupeleka mchongo kwa polisi ni Waingro, aliyewahi kupiga kazi na genge hilo, pamoja na watu wa Van Zant, yule mfanyabiashara ambaye genge lilimwibia hatifungani za dola milioni 1.6 mwanzoni kabisa. Ukitafuta chanzo cha msiba wote, kiko kwenye wizi ule wa kwanza, Waingro alipompiga risasi mlinzi asiye na kosa kwa sababu tu alijisikia kufanya hivyo.

“Demu ndiye aliyemponza”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dhana hii nimeisikia kwa wengi, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu.

McCauley ana kanuni yake: usijifunge na kitu ambacho huwezi kukiacha ndani ya sekunde 30 ukihisi polisi wamekaribia. Kisha anakutana na Eady, anampenda, anataka kuondoka naye. Anakufa. Kwa hiyo, wanasema, mapenzi yamemuua, angebaki peke yake angetoroka.

Sasa tazama dakika zenyewe. Ndege inasubiri. Eady yuko kwenye gari, amekubali kwenda naye pamoja na yote aliyoyajua. Barabara ni nyeupe. Simu inaingia: Waingro yuko hoteli fulani, chumba kinajulikana. McCauley anacheka kidogo, anasema hana haja naye tena. Wanaingia kwenye handaki lenye mwanga mkali, uso wake unaanza kubadilika, anatazama saa, kisha anakata usukani. Hakuna aliyemlazimisha. Eady hakumwomba. Alirudi kulipa kisasi, na habari ya hoteli ilikuwa chambo kilichotupwa mitaani makusudi na Hanna.

Anamuua Waingro, anatoka, anamwona Hanna akija. Eady amesimama kando ya gari anamsubiri. McCauley anamtazama, anarudi kinyumenyume, anageuka na kukimbia. Yaani kanuni aliitimiza! Mwanamke alimwacha ndani ya sekunde zile zile alizojiwekea. Alichoshindwa kukiacha ni chuki yake kwa Waingro.

Na kuna Chris, yule wa Val Kilmer. Ndiye aliyefungwa na mapenzi kuliko wote. McCauley alipomshauri aachane na mkewe, alijibu kwamba jua kwake linachomoza na kuzama kwa Charlene. Polisi wakamweka Charlene kwenye nyumba kuwa mtego, wakamtishia mtoto wake. Chris anafika chini, Charlene anatoka barazani, anapitisha kiganja hewani juu ya ukingo. Ishara ndogo tu, na mumewe anaielewa, anarudi garini na kuondoka. Katika wanaume wanne walioingia kwenye kazi ya benki, Cheritto anakufa, Breedan anakufa, McCauley anakufa. Aliyepona ni yule yule aliyefungwa na mapenzi kuliko wote. Sijui ni wangapi wanaolaumu “demu” waliwahi kuona kiganja kile, maana ni dakika zile zile ambazo rimoti ilikuwa inakimbia.

Kwa sababu hiyo pia siwaungi mkono wanaosema mambo ya nyumbani yangekatwa. Breedan ni mfano wangu siku zote. Ametoka jela juzi, anasugua jiko la mgahawa chini ya bosi anayemkata mshahara, mke wake anamwambia anajivunia naye. Anapewa ofa ya kuendesha gari la kutorokea, na kuikubali hakumchukui hata dakika. Muda mfupi baadaye amelalia usukani. Ondoa zile dakika chache za jikoni na kinachobaki ni dereva mweusi asiye na jina aliyekufa kwenye ufyatulianaji wa risasi.

Juu ya Pacino kupiga makelele: ni kweli anapiga. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alimwigiza Hanna kama mtu anayetumia kokeini, na kipande kilichoonyesha hivyo kikaachwa nje ya filamu. Kelele zikabaki bila maelezo. Hata hivyo kuna sehemu moja au mbili ambako nadhani hata kokeini isingetosha.

Oska haikupata. Haikupendekezwa hata kwenye kipengele kimoja. Hili nikilisema watu hunibishia mpaka watafute kwenye simu.

Linalobaki ni la kibandani: stelingi ni nani? Sisi tulilelewa kwenye kanuni moja, kwamba stelingi hafi, na adui anakufa mwishoni baada ya kuadhibiwa vya kutosha. Wakalimani wetu wa muvi waliijua kazi hiyo. Dakika ya pili tu ungeambiwa huyu stelingi, yule adui, kaa mkao wa kula. Heat iliwasumbua. Jambazi ni mtulivu, safi, hasemi ovyo. Polisi ndoa ya tatu inamfia mikononi na binti wa mkewe anakata mishipa bafuni. Mkalimani wetu aliamua stelingi ni De Niro, na alipokufa, kibanda kilinung'unika kama tumeibiwa kiingilio.

Mwaka jana niliitazama na mpwa wangu, yote, bila kukimbiza. Tulifika kwenye nyasi za uwanja wa ndege, taa za ndege inayotua zinawaka, kivuli cha McCauley kinamsaliti, Hanna anafyatua. Kisha Hanna anamsogelea, McCauley ananyoosha mkono, na Hanna anaushika mpaka mwisho.

“Anko,” akaniuliza, “sasa stelingi yupi hapo?”

Hakungoja jibu. Alishachukua rimoti na kurudisha nyuma, kwenye benki.