Mwacheni ashike plaizi

Juzi tena, hapa Tabora, mzazi mmoja kaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, umeme una hesabu nyingi, ndiyo maana mabinti wanakimbia." Mtu anayeishi mji mmoja na Tabora Girls, sekondari ambako mabinti wanasoma sayansi na hesabu, anayatoa wapi haya?

Hesabu siyo. Njoo karakana siku ya mota ya fezi tatu. Kikundi kina watu watano, msichana mmoja. Sijamaliza kugawa kontakta na taima, vile vifaa vya kuwashia mota, keshakabidhiwa daftari: "Dada, wewe una mwandiko mzuri." Sakiti ya nyota-delta, ile ya kuwasha mota taratibu, anaichora safi kuliko wote, na anajua kwamba mkondo wa kuanzia kwenye laini unashuka hadi theluthi moja ya ule wa kuiwasha moja kwa moja. Ila waya wanachuna wenzake, skrubu wanakaza wenzake, na fyuzi ikiungua, wenzake ndio wanaotafuta kosa. Ripoti inapata alama nzuri, kila mtu anafurahi. Halafu anakwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, fundi anamkabidhi testa, mkono unatetemeka. Hapo anasema umeme haumfai, na watu wanaitikia: si tulisema?

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna aliyemfanyia ubaya. Wale vijana wanamsaidia kwa moyo mmoja! Ukiwagombeza wanakushangaa, na yeye mwenyewe anawatetea.

Kwangu daftari linahama kila zoezi, na mwisho kila mmoja anafunga bodi yake peke yake. Natia hitilafu, nakaa pembeni, aitafute. Kikundi cha wasichana watupu? Hapo nasitasita. Wanashika vifaa haraka na kuuliza bila woga, lakini saiti hawatakuta kikundi cha namna hiyo. Sijajua kama ule ujasiri wanaondoka nao au unabaki karakana.

Choo saiti, chumba salama cha kulala, ovaroli inayomtosha: hayo sihitaji kuyaeleza, yanahitaji mtu wa kuyalipia tu. Na kazi ipo. Reli ya kisasa kutoka hapa hadi Kigoma, kilomita 506, ni ya treni za umeme. Itataka mafundi miaka na miaka.

Wasimamizi wa fildi nimeshawaambia: kwenye kitabu cha kumbukumbu mkiniandikia "alishiriki kufunga paneli", nakirudisha. Andikeni alikata nini, aliunga nini, alipima nini.